Aliyetupima Kabla ya Kuondoka

Ukiingia kwa Mama Ajansi, katika ofisi yake ya safari za ndege, salamu ilingoja. Kwanza ulipanda mizani. Awe mfanyabiashara mwenye maduka mawili sokoni, awe mjane aliyeletwa na watoto wake, kila mtu alionyeshwa kwa kidole kile chuma cha kupimia magunia ya mchele, akavua viatu, akapanda. Ndege zilizotua mjini kwetu Kasongo zilikuwa ndogo, na rubani alitaka kujua uzito wa kila abiria pamoja na mzigo wake. Wanawake wengine waliona haya kupimwa mbele ya wanaume waliojaa kwenye benchi. Basi yeye alisimama katikati, akalifungua koti lake likawa kama pazia, akasoma namba kimya na kuiandika. Hakuitaja kwa sauti hata siku moja.

Koti lenyewe lilikuwa la kiume, la kijivu, refu mpaka magotini. Alilivaa mwaka mzima, hata jua la mchana lilipochoma bati. Mfuko wa kulia ulikuwa na tangawizi aliyoitafuna akifikiri, na wa kushoto ulikuwa na sindano na uzi.

Nilimjua miaka kumi na minne. Shule ninayofundisha inatazamana na mlango wake, na juu ya paa lake kulikuwa na paneli ya jua ambako sisi walimu tulichaji simu zetu. Tulikaa kwenye benchi lake tukingoja simu zijae, tukamtazama akifanya kazi. Jina lake halisi liliandikwa kwenye ubao wa mlangoni, lakini rangi ilishafutika na hakuna aliyelihitaji.

Watu walidhani anauza tiketi. Yeye alisema tiketi ni karatasi tu, hata mutoto anaweza kuiandika. Kazi yake ilikuwa zile siku tatu au nne kabla ya ndege. Alichukua karte yako ya uchaguzi, ile kadi ya kitambulisho, akalinganisha jina na lile la tiketi, herufi kwa herufi, akifuata kwa ncha ya sindano. Alitazama karte ya manjano ya chanjo, akaihesabia miaka. Kama unaenda kutibiwa, aliigeuza barua ya lopitali juu ya mwanga kuona kama muhuri umeshika. Halafu alikuambia ufungue mfuko.

Hapo ndipo watu walipomchukia. Alitoa kila kitu juu ya meza. Madumu ya mawese aliyalaza kichwa chini kwenye sakafu ya saruji, akayaacha mpaka amalize na wewe. Sakafu ikiwa kavu, dumu linapanda. Ikiwa na alama, linabaki Kasongo. Nakumbuka kijana mmoja mchimbaji wa dhahabu, aliyetoka Salamabila na sanduku jipya la magurudumu. Ndani mlikuwa na redio, miwani ya jua na suruali mbili.

“Blanketi iko wapi?” alimuuliza.

“Nitanunua kule Bukavu, Mama.”

“Kule utafika saa ngapi? Soko itakuwa imefungwa. Na kule kuna baridi, haiko kama kwenu.”

Kijana alicheka. Mama Ajansi aliingia chumba cha nyuma, akatoka na blanketi lake mwenyewe, akalikunja na kulitia katika sanduku la watu. Alisema lirudishwe. Halikurudi. Kila tulipomkumbusha, alijibu kwamba blanketi bado liko safarini.

Hakuamini simu. Simu inaibwa, alisema, inaanguka majini, inakufa moto chaji ikiisha. Hivyo kila msafiri alipaswa kushika kichwani namba ya mtu atakayempokea. Alikutembeza chumbani kutoka ukuta mpaka ukuta ukiitaja, na ukikosea ulirudi mwanzo. Siku moja aliletwa bibi mzee kutoka Nyangwe, aliyekuwa akienda kwa mwanawe. Hakuwahi kwenda shule na namba zilimkimbia. Mama Ajansi aliketi naye sakafuni.

“Sifuri ni sufuria yako,” alimwambia. “Unaiona?”

“Ninaiona.”

“Tisa ni watoto wenye ulizaa. Si uliniambia tisa?”

“Tisa.”

“Saba ni wenye walibaki.”

Bibi akasema, “Saba.” Wakaendelea hivyo, mume wa kwanza, mashamba mawili, mpaka namba yote ikaisha. Bibi aliisema bila kosa, akainuka akijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na namba ile sidhani aliisahau tena mpaka kufa kwake.

Swali lililokuwa kubwa kuliko yote aliliacha mwisho. “Nani atakungojea kule?” Jina halikumtosha. Alitaka kumpigia huyo mtu mwenyewe, asikie sauti yake, amwambie siku na saa, amwulize atavaa nini. Bila mpokeaji hakuna kiti. Wakubwa wenye mihuri walikataliwa mbele ya macho yetu, wakatoka wakitukana. Yeye alisema, “Asiyepokelewa hajafika, amepotea tu mbali na kwao.” Alisema pia, “Mimi sitafuti pesa ya mutu mwenye sitajua alilala wapi.”

Binti mmoja wa Lusangi alinyimwa kiti kwa sababu mtu aliyedai kuwa mjomba wake alijibu simu mara ya kwanza kwa jina moja na mara ya pili kwa jina jingine. Familia ilimlaani Mama Ajansi hadharani, kwamba ameziba bahati ya mtoto wao. Miezi michache baadaye ilijulikana kwamba wasichana wengine wawili walikuwa wamekwenda kwa mtu huyohuyo kupitia njia nyingine, na wazazi wao wanawatafuta mpaka leo. Baba wa yule binti alikuja na jogoo. Mama Ajansi hakumpokea huyo jogoo. Alisema yeye hakujua lolote, aliuliza tu.

Naisimulia habari hiyo ili ieleweke kwamba niliijua. Nilikuwa nimeketi pale kwenye benchi siku jogoo alipoletwa.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu mkali kwa ukweli namna ile, lakini wagonjwa aliwaandikia kilo pungufu. Mgonjwa mwenye kilo sitini aliandikwa hamsini na tano, ili abebe sufuria na unga wake bila kuambiwa mzigo umezidi. Nilimwona, nikamwuliza kama huo si uongo. Alinionyesha kifurushi cha samaki wakavu alichompelekea dada yake kila ndege ilipokuja. Kilo tano alizompunguzia mgonjwa alizitoa kwenye samaki wake. Dada alipata samaki wachache, ndege haikubeba kitu cha ziada.

“Uongo ni ule wenye kuangukia mutu mwingine, mwalimu,” alisema. “Huu umeangukia samaki.”

Ukali wake pia ulikuwa na mlango wa nyuma. Wale waliotoka Kabambare kwa pikipiki, wakafika wakiwa udongo mtupu na kukuta ndege haikuja kwa ajili ya mvua, aliwalaza kwenye mabenchi siku mbili, siku nne, akawapikia ugali wa fufu na mboga ya sombe, huku akiwagombeza kwa nini hawakupiga simu kabla ya kuanza njia.

Na ndege ikiruka, hakuitazama. Sisi wote tulitoka nje kuangalia, hata watoto waliacha madaftari. Yeye aligeukia ukuta. Hakula mpaka apate simu kwamba kila mtu wake amefika na amepokelewa. Siku za mawingu alikaa na njaa mpaka jua kushuka, na siku hizo hakuna aliyethubutu kumwomba kuchaji simu.

Sasa nifike kwenye habari yangu.

Mwamini, mama wa watoto wangu, alikuwa na uvimbe shingoni. Ulikuwa mdogo kwa miaka mingi, halafu katika mwaka mmoja ukakua mpaka akawa analala ameketi, kwa sababu akilala chali pumzi haikupita. Daktari wa Kasongo aliandika barua apelekwe Bukavu akapasuliwe. Mama Ajansi alianza kumtayarisha kama alivyotayarisha wote. Alimpima ndani ya koti, akampunguzia kilo. Alimshonea skafu ya kufunika uvimbe ili watu wasimwangalie. Namba alishika upesi, Mwamini alikuwa na kichwa chepesi.

Mpokeaji alikuwa binamu yangu Ramazani, anayeishi kule. Jumanne, siku mbili kabla ya ndege, Ramazani alinipigia akaniambia anaitwa Uvira kikazi, atakaa wiki mbili. Nilimsihi. Alisema hana namna.

Nilijua Mama Ajansi atafanya nini. Ataiondoa tiketi, amngoje Ramazani arudi au atafute mtu mwingine, na mvua zilikuwa zimeanza, hakuna aliyejua ndege nyingine itakuja lini. Usiku Mwamini alikuwa anapumua kama mtu anayesagia mawe. Basi nilimwambia Ramazani, “Mama atakupigia. Umwambie uko, utamngojea kiwanjani, utavaa shati nyekundu.” Ramazani alisita, kisha akakubali. Ni ndugu yangu, nilimsomesha.

Mama Ajansi alimpigia nikiwa nimekaa mbele yake. Nilisikia sauti ya Ramazani ikitoka katika simu: shati nyekundu, saa sita, ndiyo Mama, hakuna tatizo. Mama Ajansi aliandika. Aliniinulia macho akasema, “Ndugu yako ana heshima.” Nikaitikia.

Mwamini nilimwambia ukweli njiani tukielekea kiwanjani. Nilimwambia kule achukue taksi mpaka lopitali, wana barua yake. Aliirekebisha skafu shingoni. Halafu alisema, “Ungeniambia jana.” Nikamwuliza kama hataki kwenda. Alijibu, “Nitaenda. Lakini ule mama amenishonea skafu.”

Mwamini alifika Bukavu mchana, mvua inanyesha. Kiwanja kiko mbali na mji. Taksi ya kwanza ilimwacha kwa sababu wengine walikuwa wengi na wenye nguvu. Ya pili hakuipata. Alikaa chini ya ukingo wa paa mpaka jioni, amelowa, simu yake imekufa moto, ile namba aliyoshika kichwani ikiwa ya mtu aliye Uvira. Mwanamke mmoja muuza mikate alimchukua kwake. Kesho yake alimfikisha lopitali.

Siku ile ya ndege, huku kwetu, Mama Ajansi alimpigia Mwamini hakumpata. Akampigia Ramazani. Ramazani, ambaye sikuwa nimemwambia aseme nini baadaye, alijibu kwamba shemeji amefika vizuri, anapumzika. Mimi nilikuwa darasani. Kupitia dirisha nilimwona Mama Ajansi akitoka nje na sahani yake, akaketi mlangoni, akala.

Lopitali walimkuta Mwamini na homa na kikohozi. Daktari alisema huwezi kumlaza mtu mwenye kifua kile ukampasua shingo, wangoje wiki mbili kifua kikauke. Ndani ya zile wiki mbili vita vilifika katika mji ule. Ndege zikasimama. Barabara zikafungwa. Waliojeruhiwa walijaa mpaka kwenye baraza, na mtu mwenye uvimbe wa miaka mingi angeweza kungoja. Mwamini alingoja. Tulizungumza kwa simu mtandao uliporuhusu. Sauti yake ilikuwa inakuwa nyembamba kila siku, akiwauliza watoto wamekula nini. Katika wiki ya tano pumzi ilikataa kupita. Alizikwa kule na watu wa msikiti wasiomjua. Yule muuza mikate ndiye aliyenipigia.

Mama Ajansi alikuja kwenye matanga siku ya kwanza. Alikaa chini na wanawake tangu asubuhi. Jioni aliniita kando ya nyumba.

“Mwalimu,” alisema, “ni mimi nilimupandisha mu ile ndege. Walisema alifika na kikohozi. Basi alitoka hapa nacho, na mimi sikusikia. Nilimupima kilo, sikumupima kifua.”

Alinitazama akingoja. Nilikuwa na jibu. Kikohozi Mwamini alikipata kule, kwenye mvua, akimngoja mtu ambaye hakuwapo. Lilikuwa neno la pumzi moja tu. Nilisema, “Ni mapenzi ya Mungu, Mama.”

“Mapenzi ya Mungu, lakini mimi niliandika kwamba yuko sawa,” alisema, akaondoka.

Baada ya hapo hakuwa yule yule. Ndege zilikuwa zimesimama kweli, lakini wenzake wa kazi hiyo waligeukia barabara, wakawapeleka watu Kindu kwa pikipiki na magari. Yeye hakutaka. Walikuja watu na karatasi zao, akawaambia waende kwa wengine. Nilimwona mara moja akimsogelea mgonjwa aliyepita tu njiani, akaweka sikio karibu na mgongo wake, akasikiliza, yule mtu akashangaa. Mizani alimpa muuza mchele. Mwishowe alifunga mlango, akaenda kwa binti yake Kabambare. Watu walisema ni vita vimemfungia mlango. Mimi sikuwasahihisha.

Kiangazi kilichopita nilitumwa Kabambare kusimamia mtihani wa darasa la sita. Siku ya pili, nikitoka shuleni mchana, nilipita kwenye nyumba ya matofali mabichi na kuona koti la kijivu limeanikwa kwenye kamba. Nilisimama. Alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, amekonda, kitambaa cheupe kichwani, anamenya karanga katika ungo. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

“Mwalimu. Watoto?”

“Wako wazima, Mama. Mkubwa yuko mwaka wa mwisho.”

“Wanakula?”

“Wanakula.”

Alinisogezea kigoda. Tukaongea habari za Kasongo, nani amekufa, nani ameoa, daraja gani limekwenda na maji. Kisha akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba bado humwota Mwamini. Humwota amesimama kwenye mizani, na yeye anasikia kikohozi waziwazi, anaandika tu.

Nikamwambia. Nilianza na Ramazani na Uvira, nikamaliza na sahani aliyokula mlangoni. Sikujitetea, au nilijaribu kutojitetea. Nilimwambia kwamba Mwamini aliondoka Kasongo bila kikohozi chochote, kifua chake kilikuwa kikavu, na yeye Mama hakukosea kitu.

Vidole vyake havikuacha karanga. Maganda yalianguka, na alizitazama zile alizokwisha kumenya kama mtu anayetafuta iliyooza. Mwanamke mmoja alipita njiani akatusalimu, tukamjibu sote wawili.

“Umejua tangu siku ya matanga,” alisema.

“Tangu kabla, Mama.”

“Na uliniona nikifunga mulango.”

“Nilikuona.”

“Ulikuja Kabambare kuniambia?”

Nilitaka kusema ndiyo. “Nilikuja kwa mtihani,” nilisema. “Nimeona koti.”

“Kama lingekuwa halijafuliwa leo?”

Aliweka ungo chini. Aliinuka polepole, mkono mmoja ukishika ukuta, nikanyanyuka kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Aliingia ndani. Nilisikia akisema na binti yake kwa sauti ya chini, maneno machache.

Nilibaki nimesimama karibu na kigoda. Nilifikiri niondoke, lakini sikujua kama nimeagwa. Baada ya muda binti alitoka. Ni mtu mzima, ana uso wa mama yake. Alibeba sahani ya fufu na samaki, na bakuli la maji ya kunawa. Aliweka vyote mbele yangu bila kunitazama usoni.

“Mama hatatoka,” alisema. “Anasema ukule. Njia iko murefu.”

Nikanawa. Nikaketi, nikala mpaka sahani ikaisha.